UZI: Ukikosa tenda ya serikali una haki ya kuambiwa kwa nini. Haki hiyo ilitoka wapi?

1/ Wadau, mjadala huu mmeusikia mara nyingi. Mheshimiwa wa upande huu anashika maikrofoni: "Mradi wenu umekwama kwa sababu walioshindwa kwenye tenda wamekimbilia korti!" Mheshimiwa wa upande ule anajibu: "Tenda iliibwa, ndiyo maana korti imeingilia!" Sisi huku chini tunapiga makofi kulingana na nani anaongea. Leo tuweke vyama kando. Sitataja mwanasiasa hata mmoja. Nataka tusome historia, halafu kila mtu ajiamulie.

2/ Nitakaa zaidi kwenye aina moja ya tenda ambayo haipigiwi kelele: kandarasi za utafiti. Upembuzi yakinifu wa bwawa. Tathmini ya mazingira. Upimaji wa udongo. Uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi. Barabara mbovu unaiona kwa macho, unapiga picha, unaiweka mtandaoni. Ripoti mbovu iko kabatini. Lakini hiyo ripoti ndiyo inayosema bwawa lijengwe wapi, nani ahamishwe, na mkopo uwe wa shilingi ngapi. Mtafiti akichaguliwa vibaya, hasara inakuja miaka kumi baadaye, na wakati huo aliyesaini ameshastaafu.

3/ Kwa nini niandike nikiwa Nakuru? Kwa sababu huku kwetu utafiti si maneno ya vitabuni. Njoro pana kituo cha kuzalisha mbegu za ngano tangu 1927. Jirani yake ni Egerton, iliyoanza 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi na kuwa chuo kikuu 1987. Lanet wana utafiti wa ng'ombe wa nyama. Naivasha kuna Olkaria: visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950, na umeme wa kwanza, megawati 15, ukatoka 1981. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya utafiti kabla taa moja kuwaka. Na hapa juu ya mji, Menengai, mambo ni yale yale.

4/ Sasa historia. Wakati wa ukoloni swali la "kwa nini nimekosa tenda" halikuwa na mahali pa kuulizwa. Ununuzi mkubwa wa koloni ulipitia kwa Crown Agents, wakala waliokaa London na kununulia makoloni vitu kutoka Uingereza. Utafiti nao ulifuata mwenye shamba. Ngano ilipoliwa na kutu huku Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi mmoja tajiri aliajiri wataalamu wake na kuwajengea maabara shambani. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeshindana. Mkulima Mwafrika hakuwa hata kwenye orodha ya wa kuulizwa.

5/ Uhuru ulipokuja, tulirithi mfumo na kuubadilisha majina. Ununuzi wa serikali uliendeshwa kwa nyaraka za Hazina, na baadaye kwa Mwongozo wa Ugavi wa 1978. Mwongozo uliunda bodi za tenda, ukaweka taratibu. Lakini kumbuka kitu kimoja: ule ulikuwa mwongozo wa ndani ya serikali, haukuwa sheria ya Bunge. Ofisa akiuvunja, anakosana na bosi wake. Wewe uliyekosa kazi huna pa kwenda. Unaweza kumwandikia barua Katibu Mkuu, na barua hiyo anaisoma yule yule unayemlalamikia.

6/ Miaka ya 1990 mambo yalichacha. Uchunguzi uliofanywa 1997 ulionyesha kwamba mfumo wa ununuzi haufanyi kazi na serikali inapoteza pesa nyingi. Wafadhili wakabana. Ndipo Machi 2001 zikatoka kanuni mpya, Ilani ya Kisheria nambari 51. Kwa mara ya kwanza nchini Kenya kukawa na bodi ya kusikiliza malalamiko ya waliokosa tenda. Kwa wengi 2001 ni mwaka wa kawaida tu. Kwa mzabuni mdogo ndio mwaka alioanza kuwa mtu mbele ya serikali.

7/ Basi mambo yakanyooka? Hapana. Anglo Leasing ililipuka 2004, miaka mitatu baada ya bodi kuundwa. Mnaikumbuka: mikataba 18 ya usalama, ikiwemo ya pasipoti na ya maabara ya uchunguzi wa jinai. Kwenye ya pasipoti, iliripotiwa kwamba kampuni ya Kifaransa ilikuwa imetaja bei ya takriban euro milioni 6. Kazi ikapewa Anglo Leasing kwa takriban euro milioni 30, na aliyetarajiwa kuifanya chini yake ni Wafaransa wale wale!

8/ Hapo kuna somo ambalo huwa tunaliruka. Bodi ya malalamiko inamsaidia aliyeomba akakosa. Mkataba ukipitishwa kimya kimya kwa jina la "usalama wa taifa", nani atalalamika? Hakuna aliyekosa, kwa sababu hakuna aliyealikwa. Kwa hiyo ukiona tenda ina kesi tatu, usikimbilie kusema hiyo ndiyo yenye uozo kuliko zote. Angalau hiyo ilitangazwa. Ile isiyo na kesi hata moja nayo iangalie vizuri.

9/ Baada ya hapo ndipo Bunge likapitisha sheria kamili ya ununuzi wa umma ya 2005, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2007. Bodi ikapata meno ya sheria. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma: ofisi ikisitisha tenda nzima, sheria ilisema uamuzi huo hauwezi kupitiwa. Unaona ujanja? Mshindi si yule uliyemtaka? Sitisha, tangaza upya. Ni sawa na refa kupuliza kipenga mechi irudiwe kila timu yake ikifungwa.

10/ Mlango huo ulipelekwa Mahakama Kuu kwenye kesi ya Selex, iliyohusu tenda ya mamlaka ya usafiri wa anga, ikaamuliwa 2008. Mahakama ikasema kifungu cha namna hiyo lazima kisomwe kwa ufinyu: hakiwezi kufunika usitishaji ambao wenyewe haukufuata sheria. Hadi leo ndivyo inavyokwenda. Ofisi ikisema "tumesitisha", Bodi kwanza inaangalia kama usitishaji ulifuata masharti. Ukifuata, Bodi inaweka kalamu chini. Usipofuata, kesi inaendelea.

11/ 2010 tukapata Katiba. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye thamani ya pesa. Kifungu cha 47 kinasema ukiathirika na uamuzi wa ofisi ya umma, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Soma tena hapo mwisho. Sababu kwa maandishi. Kutoka kwa wakala wa London mpaka hapo, safari ilichukua vizazi kadhaa.

12/ Sheria tunayotumia sasa ni ya 2015, iliyoanza Januari 2016. Utaratibu wake ni huu. Ofisi ikimjulisha mshindi, lazima iwaandikie na walioshindwa, iwape sababu na iwajulishe aliyeshinda. Mkataba hauwezi kusainiwa mpaka siku 14 zipite. Ndani ya hizo 14 unaweza kwenda kwenye Bodi ya Mapitio, wengi wanaijua kama PPARB. Ukishafungua kesi, kila kitu kinasimama. Bodi ina siku 21 kuamua.

13/ Hujaridhika? Siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45. Bado? Siku 7 kwenda Mahakama ya Rufaa, nayo ina siku 45. Jumlisha: 14, 21, 14, 45, 7, 45. Ni siku 146, hata miezi mitano haifiki. Na mahakama ikichelewa, uamuzi wa Bodi unasimama kama ulivyo. Mwaka 2021, kwenye kesi ya Aprim, Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba hukumu iliyotolewa nje ya siku 45 ni bure.

14/ Kwa hiyo mheshimiwa akisema mradi "umekwama kortini miaka minne kwa sababu ya walioshindwa", kuwa na kalkuleta. Malalamiko moja ya tenda, hata yakipanda ngazi zote, mwisho wake ni siku 146. Yakizidi hapo uliza: tenda ilirudiwa mara ngapi? Pesa zilikuwepo? Ardhi ilikuwa imelipiwa? Mara nyingine kesi ya tenda ni kisingizio tu cha mambo mengine. Marekani, ambako ofisi ya ukaguzi ya Bunge imesikiliza malalamiko kama haya tangu miaka ya 1920, muda wao ni siku 100 kwa ngazi hiyo moja. Sisi tumejipa 21.

15/ Lakini tusidanganyane, upande wa pili nao una hoja. Kuna wazabuni ambao kulalamika ndiyo biashara yao. Anajua hawezi kushinda, anafungua kesi ili aliyeshinda amwite pembeni waongee. Na siku 21 za kusimama si bure. Utafiti wa shamba unafuata mvua. Kama kazi ni kupima mmomonyoko wa udongo kule Kuresoi au Mau, ukikosa msimu wa mvua ndefu umekosa mwaka. Tenda ya kununua viti inaweza kungoja mwezi. Mvua haingoji Bodi.

16/ Sasa niseme kwa nini kandarasi za utafiti ni ngumu kuliko nyingine. Ukinunua simenti, unalinganisha bei. Ukinunua utafiti, unanunua akili ambayo bado haijafanya kazi. Ndiyo maana zinakuja bahasha mbili: ya kitaalamu na ya fedha. Ya kitaalamu inapewa alama kwanza: uzoefu wa kampuni, mbinu ya utafiti, wasifu wa wataalamu. Usipofikisha alama za chini zilizowekwa, bahasha yako ya bei haifunguliwi kabisa. Unaweza kuwa nusu bei ya mshindi na hakuna atakayejua.

17/ Na hapo kwenye "mbinu ya utafiti, alama 30" ndipo shetani analala. Mtathmini mmoja anakupa 26, mwingine 14. Nani yuko sahihi? Bodi ikikuta kigezo kiliandikwa kwenye nyaraka za zabuni na kikafuatwa, haitakaa kusahihisha mtihani wako upya. Bodi inaangalia kama sheria za mchezo zilifuatwa. Haijifanyi profesa wa jiolojia. Hii watu wengi hawaielewi, wanaenda pale kubishania ubora wa pendekezo lao, wanatoka mikono mitupu.

18/ Mwenyewe nimekuwa kwenye vikundi vinavyoandaa mapendekezo kama haya hapa Nakuru. Kuna mwaka tulipokea barua kutoka ofisi moja ya umma, sitaitaja. Mistari miwili: tunasikitika, pendekezo lenu halikufaulu, asanteni kwa kushiriki. Hakuna sababu, hakuna alama, hakuna jina la mshindi. Tarehe ya juu ilikuwa ya Jumatatu. Sisi ilitufikia Alhamisi ya wiki iliyofuata. Tulikuwa vijana wanne, tulikuwa tumekopa pesa za kuandaa zile nyaraka.

19/ Tulikaa tukajadili. Mwenzetu mmoja akasema twende kwenye Bodi, barua hii peke yake ni kesi. Mwingine akasema, "Ndugu zangu, mji huu ni mdogo. Tukiwashtaki hawa, nani atatupa kazi tena?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Hatukwenda. Naliandika hili kwa sababu kwenye mijadala tunazungumza kana kwamba kila anayekosa tenda hukimbilia korti. Wengi hawaendi. Wanakunja barua, wanatafuta kazi nyingine, na ile hofu inabaki kuwa mshauri wao wa sheria.

20/ Sheria yenyewe nayo ina shimo hapo. Una siku 14 za kulalamika. Kwenye Bodi unapewa muhtasari wa tathmini, si ripoti nzima, maana ya wengine ni siri. Sasa ukisema uombe taarifa kwanza kupitia Sheria ya Upataji Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 kukujibu. Unaona hesabu? Jibu linaweza kuja kihalali kabisa wiki nzima baada ya mlango wa Bodi kufungwa. Kwa hiyo mzabuni analazimika kushtaki kwanza ndipo ajue kama alikuwa na sababu ya kushtaki. Anayelia kwamba kesi ni nyingi aanzie hapo. Barua yenye sababu kamili ingezuia nyingi.

21/ Na mwananchi je? Mkulima wa Njoro, mfugaji wa Gilgil? Kwenye Bodi hana nafasi. Anayeruhusiwa ni aliyeomba tenda au aliyekusudia kuomba. Wewe mlipa kodi unayeona utafiti wa bwawa umepewa mtu asiyejua maji, njia yako ni Mahakama Kuu kupitia Katiba, na huko hakuna zile siku 45 za kukulinda. Na ukienda, jiandae kwa safari ndefu. Mfano mkubwa ni SGR.

22/ SGR ilifika upande wetu, Mai Mahiu na Suswa, mwaka 2019. Lakini kesi yake ilianza zamani. 2009 wizara ilikubaliana na kampuni ya CRBC ifanye upembuzi yakinifu wa reli kwa gharama zake yenyewe. Utafiti wa bure! Nani akatae? 2012 kampuni hiyo hiyo ikasaini mikataba ya kujenga. Mwanaharakati mmoja na chama cha mawakili wakaenda kortini 2014. Swali lao, kwa lugha ya mtaani: fundi aliyekupimia nyumba bure, akakwambia inahitaji mabati mia, halafu akakuuzia mabati mia, nani alihakikisha ni mia?

23/ Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema shirika la reli halikufuata Katiba na sheria ya ununuzi. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikageuza: mradi ulikuwa chini ya makubaliano ya serikali kwa serikali, na sheria ya 2005 ilikuwa na nafasi kwa hayo. Miaka tisa. Reli ilikuwa imeshajengwa na treni inatembea. Usiniulize upande gani ulikuwa sawa, majaji wenyewe walitofautiana. Ninachotaka uone ni hiki: kandarasi ya utafiti haikushindaniwa, na kila kitu kilichofuata kilisimama juu yake.

24/ Kabla sijamaliza, tofautisha tenda na ruzuku. Mtafiti wa chuo akiomba pesa za Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti akakosa, hiyo si zabuni, haiendi PPARB. Vivyo hivyo kazi nyingi za ushirikiano na mashirika ya nje. Kutu ya ngano ya Ug99 ilipoonekana Uganda 1998, Njoro ikawa uwanja wa kupimia ngano za dunia kuanzia 2005, kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, na pesa za wafadhili. Kazi nzuri sana, na haikupitia mlango wa tenda. Ushindani si dawa ya kila kitu. Ila pesa zikiwa za mlipa kodi na kazi ikitangazwa, basi sheria ifuatwe.

25/ Majirani nao wana vyombo vyao. Tanzania wana Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Uganda wana baraza lao la rufaa. Si Kenya peke yake iliyogundua kwamba ukimnyima mtu kazi ya serikali bila kumwambia sababu, atajitungia sababu. Na huku kwetu sababu anayojitungia mtu haraka sana ni kabila. "Tumenyimwa kwa sababu sisi ni wa upande ule." Bonde la Ufa tunajua maneno kama hayo yakiachwa yanatufikisha wapi. Barua yenye alama na jina la mshindi ni karatasi ya bei rahisi kuliko hayo.

26/ Kwa hiyo siku nyingine mjadala ukipamba moto, usishike upande kabla ya kuuliza haya. Tenda ilitangazwa? Waliokosa walipewa sababu kwa maandishi? Kesi imekaa siku ngapi, ni zaidi ya 146? Aliyefanya utafiti ndiye aliyepewa kazi ya kujenga? Na kama ilisitishwa, sababu iliyotolewa ni ipi kati ya zile zilizo kwenye sheria?

27/ Mheshimiwa akishindwa kujibu hata mawili, makofi yako yaweke mfukoni. Na kama wewe ni mzabuni mdogo na una barua ya mistari miwili mezani sasa hivi, angalia tarehe uliyoipokea, iandike pembeni kwa kalamu, hesabu siku 14. Ukiwa na swali kuhusu utaratibu, uliza hapa chini, nitajibu ninayoyajua. Matusi ya vyama peleka kwingine.